"Get" lilivyonitoa jasho

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye nyumba ya wageni kule Nungwi, mgeni mmoja aliniuliza boti ya Dar inaondoka saa ngapi. Nikajikanganya na saa zetu na saa zao, nikamweleza kirefu. Akakunja uso: "I don't get it." Mimi nikasikia "sijaipata". Nikadhani anadai tiketi. Nikapekua droo, nikainama chini ya meza, nikarudi mbio kumwonyesha kwamba tiketi anayo mkononi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshanipa jibu. Si kila siku tunaulizana kwenye simu, "umenipata?" Na mwenzako anajibu "nimekupata, endelea."

Kwa hiyo wewe unayejifunza, usianze na orodha ya maana za "get" uikariri. Ni ndefu, itakuchosha. Anza na mkono unaokamata kitu. Neno lenyewe waliliingiza Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa "geta", yaani kupata, kufikia. Waingereza walikuwa na ndugu yake, ila aliishi ndani ya maneno mengine tu, kama "forgietan", ambalo leo ni "forget": kuachia ulichokuwa umekishika. Tena "g" hiyo waliitamka kama "y". Waviking wasingefika, huenda leo tungesema "foryet".

Ukirudi nyuma zaidi, mzizi huohuo ndio uliozaa "prehendere" ya Kilatini, kukamata, na humo likatoka "comprehend", kuelewa. Sisi nasi husema mtoto anashika haraka, na hatusemei vidole vyake.

Sasa "I've got a pen". Hii iliwatesa wengi darasani kwetu: mbona kitenzi kiko kwenye wakati uliopita, na kalamu iko hapa hapa? Lakini tazama "amesimama". Alisimama zamani, na bado yuko wima. "Amelala", "nimechoka", "amevaa" ni hivyo hivyo: kitendo kimeisha, hali imebaki. Aliyepata kalamu anayo. Nikimwonyesha mwanafunzi jambo hili huwa simrudii mara ya pili.

Hata "I got to see him" tunayo: nilipata kumwona. Na "sijapata kuona" husemwa na bibi yeyote aliyekasirishwa.

Njia zinaachana kwenye kugeuka hali. "I'm getting tired", "it's getting dark": hapa kupata hakufai kabisa, kwa sababu kwa hali nyingi Kiswahili kina kitenzi chake. Ninachoka. Kunaingia giza. Usitafute neno la katikati. "He got beaten" vilevile. Kwetu kiambishi "-w-" kinatosha, amepigwa.

"Gotten" ya Wamarekani si kosa, ni umbo la zamani ambalo Waingereza wengi wameliacha.

Mwalimu wangu wa sekondari alilikata "get" kwa wino mwekundu kila alipolikuta kwenye insha, akaandika juu yake "obtain" au "receive". Kwenye barua ya kuomba kazi alikuwa na haki. Ila sijawahi kumsikia mgeni aliyemaliza chai akisema "let me obtain the bill". Ukitaka kuongea na watu, litumie.

Juzi mwanafunzi wangu, mpishi, alishalizoea mpaka akapitiliza. Alikuwa anakata vitunguu kwa kisu butu, akamgeukia mgeni aliyesimama jikoni, akamwambia kwa kujiamini kabisa: "This knife doesn't get." Kisu hakipati. Mgeni akatazama kisu, akanitazama mimi.