Nilijificha Nyuma ya Majedwali kwa Miaka 9

Dada mmoja ameniandikia. Amepewa nafasi ya kuongoza wenzake 6 kazini, na tayari ameshaandika barua ya kuikataa. "Sijawa tayari," anasema. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, nikaweka simu chini. Maneno hayo nimeyasema mimi, tena kwa miaka.

Mimi ni mhasibu. Mwanzoni kabisa mwa kazi nilisimamishwa ghafla niwasilishe bajeti ya idara. Karatasi ilinitetemeka mkononi hadi ikawa inasikika chumba kizima. Nikasoma mstari uleule mara mbili, sauti ikakatika. Mkuu wangu akaichukua ile karatasi mkononi mwangu akasema, "Kaa tu, nitamalizia." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mpaka leo nikilikumbuka lile "kaa tu" kifua kinanibana, na sidhani kama mwenyewe alijua alichonifanyia.

Basi nikakaa kweli, miaka 9. Nilikesha na hesabu, wengine wakazisoma mbele ya bodi na kupongezwa. Nikajifariji kwamba kila mtu na kipaji chake.

Kisha siku moja bodi ikauliza kwa nini fedha taslimu zimepungua. Kijana aliyekuwa anawasilisha akajibu kwamba mauzo yameshuka. Haikuwa kweli. Mauzo yalikuwa palepale. Wateja wawili wakubwa ndio walikuwa wamechelewa kulipa, na deni lao lilikuwa kwenye jedwali nililoliandaa kwa mikono yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma, jibu ninalo mdomoni. Sikulisema. Bodi ikaamua kubana matumizi, na wenzetu wawili hawakuongezewa mikataba. Mmoja wao nilikuwa nakaa naye meza moja. Alipokuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi aliniaga vizuri tu, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Woga wangu ulikuwa umewagharimu watu wengine. Hapo ndipo nilipochoka nao.

Sikukimbilia kwenye bodi. Nilianza na swali moja katika kila kikao cha Jumatatu, nimeliandika kabla kwenye daftari. Swali moja tu. Baadaye nikaomba dakika 5 za kueleza jedwali moja. Miezi iliyofuata ni hayo kwa hayo, haina hadithi.

Kuna jaribio la mwaka 1908 lililonisaidia kujielewa. Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe na kuacha cheusi. Wakikosea wanapigwa shoti. Kazi ya kutofautisha ilipokuwa ngumu, panya waliojifunza haraka zaidi ni wale waliopigwa shoti ya wastani. Kali mno iliwavuruga, hafifu mno haikuwasukuma. Binadamu si panya, najua. Lakini kusimamishwa ghafla siku ile kulikuwa shoti kali mno kwangu, na miaka 9 ya kujificha haikuwa na shoti yoyote. Swali la Jumatatu lilikuwa kipimo changu.

Alhamisi iliyopita niliwasilisha taarifa ya mwaka mzima mbele ya bodi. Karatasi niliilaza mezani ili isitetemeke. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu wadaiwa, nikamjibu bila kugeuka nyuma kutafuta msaada. Niliona fahari, na sioni aibu kuisema.

Sasa nisikilize, ndugu yangu unayetamani kupanda lakini umeng'ang'ania kiti cha nyuma. Usingoje woga uondoke. Wangu ulikuwepo hata Alhamisi. Anza na kidogo kinachokutoa jasho, kirudie, kisha ongeza kidogo. Kirudie tena. Na uache kuita woga unyenyekevu, kama nilivyofanya mimi. Kuna watu wanalihitaji jibu ulilolikalia.

Na wewe dada, barua hiyo usiitume kwanza. Nenda kwa aliyekupa nafasi, mwombe uanze kwa kuendesha kikao kimoja cha wenzako hao 6, yeye akiwepo. Andika sentensi yako ya kwanza kwenye karatasi, uilaze mezani. Kikiisha, niandikie kilivyokwenda. Nitakuwa nasubiri.