Chuo cha filamu kikipata fedha, kianze na seva

Walimu wenzangu wa filamu, siku chuo kitakapopata fedha za kuboresha chumba cha kuhariri, kila mtu atawauliza mnanunua kompyuta gani. Swali hilo liacheni mwisho. Ulizeni kwanza picha za wanafunzi zitakaa wapi.

Nafundisha uhariri hapa Lamu, katika nyumba ya kale ndani ya mji. Zamani kila kikundi kilikuwa na diski yake ya mkononi. Diski hiyo ilizunguka kwenye mikoba, ikavuka na boti kwenda Mokowe upande wa bara, ikalala nyumbani kwa mmoja wao. Mwenye diski akienda harusini Faza, kisiwani Pate, kazi ya wenzake wote imesimama. Unaingia darasani unakuta kompyuta nzuri tatu hazina mtu, na nje barazani kuna wanafunzi wanasubiri faili. Hali hiyo iliniuma sana, maana vijana walikuwa na hamu ya kazi na vyombo vilikuwepo.

Dawa yake ni seva moja ndogo, yaani kompyuta ya kuhifadhi faili za wote, yenye diski kadhaa, swichi (kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao), na kebo hadi kila meza. Mwanafunzi anakaa kwenye mashine yoyote iliyo wazi, anafungua mradi wake, anaendelea pale alipoachia.

Kabla ya kununua chochote, pigeni hesabu. Video ya HD ya fremu 25 kwa sekunde katika ProRes 422 HQ, kodeki (namna ya kufungasha video) ya ubora wa juu, hula takriban megabiti 184 kwa sekunde, yaani gigabaiti 83 kwa saa. Ikiwa ya 4K, yenye pikseli mara nne ya HD, kodeki hiyo hiyo hufika megabiti 737, gigabaiti 332 kwa saa. Kebo ya gigabiti moja kutoka kwenye seva ina nafasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, na kiuhalisia hupungua kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa 4K tayari ameimaliza karibu yote. Sasa tengenezeni proksi, yaani nakala nyepesi za picha hizo kwa ajili ya kuhariri. ProRes Proxy ya HD hula megabiti 38 tu. Wanafunzi wanane, kila mmoja akiwa na picha za kamera mbili kwenye taimulaini, jumla yao ni megabiti 608, na wote wanapita kwenye waya mmoja.

Ndiyo maana kwetu proksi ni sharti. Kila kadi ya kamera ikishushwa, proksi zinatengenezwa usiku, na asubuhi wanafunzi wanahariri hizo. Picha za asili zinafunguliwa mwishoni, wakati wa kusahihisha rangi na kutoa filamu. Kwa mpango huu hata kompyuta za miaka iliyopita zinafaa, na fedha zinabaki kwa mambo mengine. Mkiwa na uwezo, waya wa kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi uwe wa gigabiti 10, na zile za mezani zibaki za gigabiti 1.

Wauzaji huwa hawasemi jambo moja kuhusu diski zinazozunguka. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mtu mmoja anayesoma faili moja ndefu. Wakisoma watu wanane kwa pamoja, kichwa cha diski kinarukaruka kutafuta faili huku na huku, na kasi inaporomoka. Wekeni proksi kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, diski kubwa za kuzunguka zihifadhi picha za asili.

Wa Lamu wenzangu, msitegemee WiFi kwa kazi hii. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno, na mawimbi hayavuki vyumba viwili. Kutoboa nako si jambo la kuamua asubuhi moja: mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo zungumzeni na watu wa makumbusho kabla ya kugusa ukuta. Fundi wetu alisimama katikati ya chumba, akatazama juu kimya, kisha akasema, "Mwalimu, boriti zenyewe ndizo njia." Akapitisha kebo ndani ya mabomba membamba ya plastiki juu ya dari, sambamba na boriti za mikoko, akaziteremsha pembeni karibu na milango. Hakuna kidaka kilichoguswa wala plasta iliyokatwa.

Hewa ya bahari hula vyuma, kwa hiyo seva isikae karibu na dirisha la upande wa maji. Iunganishwe na UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme, tena kwa ule waya wa USB, ili stima ikipotea seva ipate habari na kujizima taratibu kabla betri haijaisha. Ikizimika ghafla katikati ya kuandika, faili zinaweza kuharibika.

RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, nayo isiwadanganye. RAID 5 huvumilia diski moja kufa, RAID 6 huvumilia mbili, lakini hakuna kati yake itakayorudisha folda iliyofutwa na mwanafunzi aliyechoka. Wekeni nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Yetu ya nje iko bara, ng'ambo ya maji.

Kuna pia suala la watu wawili kuandikia mradi mmoja. Programu ya kuhariri ya Avid ina utaratibu wa kufunga bini, yaani folda za mradi: wa kwanza kufungua ndiye mwenye ruhusa ya kubadilisha, wengine wanatazama. Wanaotumia programu ya DaVinci Resolve wanaweza kuweka seva ya miradi inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Vyovyote iwavyo, mgawane kazi. Kwenye filamu ya mbio za majahazi, binti mmoja alikuwa anakata picha na mwenzake, meza ya pili, anasafisha upepo kwenye sauti za mahojiano hayo hayo. Hapo awali angengoja hadi diski irudi.

Ratiba ni muhimu kuliko mnavyodhani. Wanafunzi wetu wengi wa kike wanatakiwa nyumbani kabla ya Magharibi. Zamu zikiachwa kwa anayewahi, wenye nafasi ya kukesha watachukua kila kitu. Wapangieni asubuhi, na zamu hizo zilindwe.

Kila bajeti ya mwaka iwe na fungu la diski za kubadilisha, kwa sababu zitakufa. Pasiwedi ya msimamizi wajue watu wawili, na iandikwe kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini, ili mmoja akisafiri chumba kisifungwe.