Kama wokovu ulishaamuliwa, kwa nini Wapuritani walijibidiisha?

Ndugu, umeuliza: ikiwa Mungu aliwateua watakaookoka kabla ya kuumba dunia, Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa, walikuwa na sababu gani ya kujiepusha na dhambi? Kwao matendo mema hayakununua wokovu. Yalikuwa dalili kwamba mtu ameteuliwa. Ndiyo maana walijichunguza mno, wengine wakiandika shajara za nafsi zao, na wasiwasi haukuisha. Hata dalili zenyewe zilizua ugomvi: Anne Hutchinson, mwanamke Mpuritani, alipopinga huko Massachusetts, koloni la Waingereza Amerika, kwamba mwenendo mwema unathibitisha neema, alishtakiwa na kuhukumiwa kufukuzwa kwenye koloni mwaka 1637. Kinachonisumbua zaidi mimi ni jinsi fundisho hili lilivyoweza kumfanya mtu amtazame jirani yake kama aliyekwisha kutupwa na Mungu. Ukiendelea kulisoma, usiliruke hilo.