Kitoe Kwenye Boksi

Juzi mwalimu mwenzangu kaniandikia: "Dada, kishikwambi changu bado kiko kwenye boksi. Naogopa nitakiharibu." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Miaka mitatu iliyopita ningeuandika mimi.

Changu nilikipata baada ya Sensa ya 2022, vile vya makarani vilipogawiwa walimu. Nilikifunga kwenye kanga, nikakiweka kabatini chini ya vyeti. Kila jambo la mtandaoni nililipeleka kwa kijana wa steshenari. Hadi nywila yangu nilimwachia kwenye karatasi, akaibandika ukutani pamoja na za wengine. Nikiikumbuka karatasi ile, moyo unanienda mbio.

Kilichonitoa huko si semina. Kwenye kikao fulani kiongozi wetu alisema mbele ya vijana wa ajira mpya, "Wazee tuwaache, wanasubiri kustaafu." Nilikuwa na miaka 49. Sikujibu. Neno lile lilinikaa kooni na bado halijashuka.

Jioni ile nilikaa na binti yangu kwenye kompyuta yake, nikaanza kuingiza alama za Darasa la Sita, wanafunzi 94. Nilipofika wa sabini na kitu nikabonyeza nisichokijua, safu nzima ikatoweka. Viganja vikaloa jasho. Binti akanishika kidole kimoja akakiweka kwenye kitufe cha Ctrl, kingine kwenye Z. "Bonyeza, mama." Alama zote zikarudi. Nikazifuta tena kwa makusudi, nikazirudisha, labda mara kumi. Kumbe miaka yote niliogopa kosa ambalo waliotengeneza mashine walishalitarajia!

Wiki iliyopita nimejaza ombi langu la likizo mwenyewe, saa nne usiku, nimekaa kitandani.

Walimu wenzangu, nywila usimpe mtu. Bonyeza mwenyewe. Ukikosea rudisha, ukikosea tena rudisha tena. Kutuma pesa ni habari nyingine, hapo soma jina la mpokeaji mara mbili kabla ya kuthibitisha. Lakini kuandika? Watoto tunawaambia wasiogope kukosea, halafu sisi tunaficha vifaa kabatini. Bonyeza mwenyewe!

Mdogo wangu, kitoe kwenye boksi leo, kichaji. Andika jina lako, lifute, kisha lirudishe. Kwenye kishikwambi hutaiona Ctrl, tafuta kimshale kilichopinda kuelekea kushoto. Ukikwama nipigie, hata usiku.