Dawa ndizo zinazomeza pesa za matibabu Marekani?

Ndugu, umeuliza kama dawa ndizo zinazopandisha gharama za afya Marekani. Si hasa. Mwaka 2023 walitumia takriban dola trilioni 4.9, asilimia 17.6 ya pato la taifa. Mwaka 1960 ilikuwa kama asilimia 5 tu. Hospitali pekee zilimeza asilimia 31, madaktari na kliniki 20. Dawa za kununua kwa cheti? Asilimia 9. Ila zile unazochomwa wodini huhesabiwa upande wa hospitali, hapo ndipo watu hupotea.

Mimi nilishonwa kidole huku, nyuzi 4. Bili ikaja na ada ya chumba, kubwa kuliko ya daktari mwenyewe. Na humo nilikaa dakika 20!