Mgonjwa alikataa ambulansi akasaini fomu. Je, fomu hiyo inanilinda?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ambulansi. Wiki tatu zilizopita tuliitwa kwa mzee wa miaka 71 aliyeteleza bafuni. Tulimkuta ameketi, ana uvimbe juu ya sikio, anazungumza, anajua leo siku gani na yuko wapi. Presha na mapigo vilikuwa sawa. Alikataa kwenda hospitali. Mkewe akalia tumbebe hivyo hivyo. Tukamwambia mzee ni vizuri aonwe na daktari, akakataa tena, akasaini fomu ya kukataa huduma, tukaondoka. Saa tano baadaye wenzetu walimchukua akiwa hana fahamu, damu imevujia ndani ya fuvu. Ndipo tuliposikia anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Yuko hospitali hadi leo na watoto wake wanasema watanishtaki. Je, saini yake inanilinda? Na kama ningembeba kwa nguvu, si ningekuwa salama? Nimefikiria pia kwenda kumwona.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kesi ya namna hii humkosesha mtu usingizi hata pale ambapo hakukosea.

Saini peke yake haikulindi. Na kumbeba kwa nguvu, ikiwa alikuwa na uwezo wa kuamua, kungekuingiza kwenye kosa la aina nyingine. Kinachomlinda au kumwangusha mhudumu ni zile dakika kumi au ishirini kabla kalamu haijashikwa: ulipima nini, ulimweleza nini, yeye alijibu nini, na ni kipi kati ya hayo kimeandikwa. Karatasi ni ushahidi kwamba mazungumzo yalifanyika. Kama mazungumzo yenyewe yalikuwa mepesi, karatasi itashuhudia wepesi huo.

Nianze na nguvu, maana wengi wa rika lako hudhani kosa pekee katika kazi yetu ni kutotenda. Mwaka 1914 jaji Benjamin Cardozo wa New York aliandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanyiwe nini. Kanuni hiyo imeenea katika mifumo mingi ya sheria: kumgusa, kumdunga au kumfunga kwenye machela mtu aliyekataa kwa akili yake ni shambulio, hata kama nia yako ni kuokoa maisha. Haijalishi kwamba uamuzi wake unaonekana wa kijinga. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza ilishughulikia mgonjwa wa skizofrenia aliyekuwa amezuiliwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, mguu wake umeoza, madaktari wakitaka kuukata. Alikataa. Mahakama ikasema ugonjwa wa akili peke yake haumwondolei uwezo wa kuamua kuhusu mguu wake, na hakukatwa. Ikiwa yeye alisikilizwa, mzee wako anayejua leo siku gani angesikilizwa pia.

Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Kujua siku na mahali si uwezo wa kuamua. Kipimo cha Glasgow kilichapishwa mwaka 1974 ili kueleza kiwango cha fahamu cha mtu aliyeumia ubongo, na mgonjwa anaweza kupata 15 kati ya 15 huku hana habari ya hatari aliyomo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kiakili inauliza mambo manne, na mimi huyafundisha hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, kwa sababu yana mantiki. Je, mtu anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi huo? Anaweza kuyashika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuyapima, yaani kuweka faida upande huu na hasara upande ule? Anaweza kueleza alichoamua? Njia rahisi ya kujua ni kumwomba akurudishie kwa maneno yake: “Baba, hebu niambie, ukibaki nyumbani nini kinaweza kutokea?” Akijibu “mnataka kunisumbua tu,” bado hujapata jibu, kwa hiyo bado huna ukataaji halali.

Sasa niseme lisilopendeza. Ulimwambia “ni vizuri aonwe na daktari.” Huo ni ushauri, na ushauri hauna taarifa ndani yake. Hukumuuliza anatumia dawa gani. Mzee aliyegonga kichwa huulizwa dawa za kuzuia damu kuganda kabla hujafunga mkanda wa presha mkononi mwake, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, akazungumza vizuri na kunywa chai, kisha baada ya saa kadhaa akalala asiamke. Hivyo ndivyo alivyopaswa kuambiwa, na neno “kufa” likiwemo. Wahudumu hulikwepa neno hilo kwa adabu, na ninaelewa, lakini mtu hawezi kuikataa hatari ambayo hajatajiwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisisitiza mwaka 2015, katika kesi ya mama na daktari wa uzazi, kwamba mgonjwa anapaswa kuelezwa hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona kuwa na uzito. Kwa mtu anayetumia warfarini, hii ina uzito.

Hujataja pia kipimo cha sukari wala oksijeni. Labda ulipima ukasahau kunieleza. Sukari ikishuka, oksijeni ikipungua, pombe ikiwepo, au ubongo ukiwa umetikisika, anayekataa si yule mtu mwenyewe, ni hali yake inayosema. Miaka ya mwanzo niliitwa kwa kijana aliyekuwa akitukana barabarani, ananuka bia, amesharuka machela mara mbili. Nilikuwa nimeshatoa fomu mfukoni. Dereva wangu, mtu asiye na maneno mengi, akasema tu, “Mtoboe kidole kwanza.” Mashine ikaonyesha sukari 1.9, chini mno. Baada ya glukosi kwenye mshipa alituuliza kwa upole tumefikaje pale. Fomu yangu, lau angeisaini, isingekuwa na thamani hata ya wino wake. Asiye na uwezo wa kuamua katika dharura hutibiwa kwa kadiri ya lazima na kwa maslahi yake, na hapo nguvu kiasi huruhusiwa.

Kwa hiyo unasimama wapi? Katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, anayedai uzembe hana budi kuthibitisha mambo manne: ulikuwa na wajibu kwake, uliukiuka, alidhurika, na madhara yalitokana na ukiukaji huo. Wajibu na madhara hayabishaniwi. Ukiukaji hupimwa kwa kulinganisha ulichofanya na ambacho mhudumu wa ngazi yako mwenye ujuzi wa kawaida angefanya, kipimo kinachotokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Mimi ningekuwa shahidi wa upande wao, ningegonga hapo kwenye swali la dawa, na ningegonga sana. Wakili wako naye atauliza kama mzee angekubali kwenda hata angeelezwa yote. Kama amekuwa akikataa hospitali miaka yote, swali hilo si la kupuuzwa. Matokeo mabaya peke yake si uzembe.

Mama alikuwa na nafasi yake, ingawa si ile aliyoitaka. Mke hamwamulii mume mwenye akili timamu. Lakini yeye ndiye angekuonyesha mfuko wa dawa. Yeye ndiye angekwambia kama mzee anaongea kama kawaida yake au kuna kitu kimebadilika. Na yeye ndiye angebaki naye, kwa hiyo alistahili kuachiwa maelekezo: akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia asiamshike vizuri, aite mara moja. Kisha kuna lile ambalo sheria hailidai lakini maadili yanalidai: kumuuliza mzee kwa nini hataki. Ukikaa chini, ukamwacha aseme, mara nyingi sababu ni ndogo. Nani atafunga nyumba. Ataonekana na majirani akibebwa na taulo. Rafiki yake alienda huko hakurudi. Sababu ikishasemwa, hutatulika. Isiposemwa, mpigie daktari wa zamu na umpe mzee simu aongee naye. Nimeona watu waliotukatalia sisi nusu saa nzima wakikubali kwa daktari kwa sentensi mbili.

Sasa ya kufanya leo. Usiiguse ripoti yako. Usiongeze mstari, usinyooshe maneno, hata kama unachotaka kuongeza ni kweli tupu. Katika kesi ya Kent dhidi ya Griffiths, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Uingereza mwaka 2000, ambulansi ilichukua kama dakika 40 kumfikia mgonjwa wa pumu, na jaji akakuta kwamba muda wa kufika ulioandikwa haukuwa wa kweli. Kuchelewa kunaweza kuelezeka, lakini rekodi iliyochezewa humfanya jaji asiamini hata yale uliyoyafanya sawasawa. Kama utaratibu wa kazini kwako unaruhusu nyongeza, iandikwe wazi kuwa ni nyongeza, kwa tarehe na saa ya leo. Kumbukumbu zako nyingine ziandike pembeni kwa ajili ya wakili, kabla hazijachanganyika na yale unayotamani yangekuwa. Mjulishe mkuu wako kwa maandishi, pamoja na bima au chama chenu. Mwenzako mliyekuwa naye aandike yake peke yake, msikae pamoja kuzilinganisha.

Kuhusu kwenda kumwona: ninakuelewa, na sikuoni mjinga. Kusema pole si kukiri kosa. Uingereza iliandika hivyo kwenye sheria mwaka 2006. Hatari haiko kwenye pole, iko kwenye maelezo yanayofuata pole, “tungejua anatumia dawa ile…” Usiende peke yako wala kimyakimya. Mwombe mkuu wako awasiliane na familia kwanza. Wakikubali, nendeni wawili, msalimie mama, mpe pole, na ukiulizwa kilichotokea usiku ule, mwache mkuu ajibu.