Barua kwa mwanangu aliyekwenda Marsabit peke yake

Mwanangu,

Umerudi salama, watoto wako wamerudi kwako na mikoba yao, na swali uliloniandikia ukiwa Marsabit, huko kaskazini mwa Kenya, bado sijalijibu. Nililisoma usiku uleule nikaona si la kujibiwa kwa simu, tena wajukuu wakiwa wamelala chumba cha pili. Uliuliza, "Mama, ni vibaya kwamba nilifurahi hivi?" Ukanieleza kwamba uliendesha gari peke yako kutoka Nairobi, muziki juu, ukiimba mpaka sauti ikakauka, na kwamba mahali fulani baada ya Archer's Post uligundua kuwa kwa muda mrefu hukuwa umewawaza watoto hata kidogo. Hapo raha ikaanza kukukereketa. Ukaongeza habari ya mafuta uliyochoma bila shughuli yoyote, na ya wale watoto wa kando ya barabara walioinua chupa tupu kuomba maji, wewe ukipita na vioo vimefungwa na spika zikitetemesha milango.

Nianze na watoto wako, kwa sababu hao walikuwa mikononi mwangu na juu yao hakuna wa kubishana nami. Walikula. Waligombania rimoti kama kawaida yao. Mdogo alikuulizia mara ya kwanza nilipokuwa namvalisha nguo za kulala. Nikamwambia mama yuko safarini, atarudi Jumapili. Akataka kujua kama huko kuna ngamia. Nikamwambia wako wengi. Akauliza kama ngamia hulala wamesimama au wamepiga magoti, nikamwambia hupiga magoti, akageukia ukutani akalala. Hakulia, wala hakupungukiwa na kitu. Ningeona kitu ningekwambia, unanijua.

Kwa hiyo nadhani kinachokusumbua kiko kwingine. Wakati nafundisha, kila mwisho wa mwaka nilikuwa naenda kusahihisha mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari. Nilifunga sanduku, nikabeba blanketi na ndoo yangu, nikawaacha na baba yenu na shangazi. Tulilala kwenye mabweni ya wanafunzi, vitanda vyao vya juu na chini, tukaamka kabla ya jua kukaa na karatasi za fizikia hadi macho yakawasha. Kazi ilichosha na malipo hayakulingana nayo. Lakini jioni baada ya chakula nilizunguka uwanja wa shule ile peke yangu, na hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi. Nilizingoja wiki zile mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilifurahi, maana nilikuwa nimeenda kazini. Kina mama wa rika langu tulizijua njia hizo zote: matanga ya mbali, kongamano la kanisa, safari ya chama. Nafasi ya kuwa peke yetu tuliipata, ila kila mara ilikuja na ruhusa mkononi. Wewe hukuwa na matanga wala semina. Ulimwambia mume wako waziwazi kwamba unataka kuendesha gari mbali, ukaondoka. Raha yako haikuwa na kisingizio, ndiyo maana unaiona kama kitu cha wizi. Mimi siioni hivyo. Kaka zako wakipotelea Naivasha wikendi nzima kutazama Safari Rally, nani huwauliza watoto wamebaki na nani?

Tena usisahau unakoishi. Nairobi haikosi muziki wa sauti ya juu, ila hakuna siku inayokuuliza wewe unataka upi. Matatu inakuchagulia, kanisa la ghorofa ya chini linakuchagulia, baa ya mtaa wa pili inakuchagulia mpaka saa tisa usiku. Ukirudi nyumbani unaongea kwa kunong'ona, kwa kuwa jirani wa juu akivuta kiti unamsikia, basi naye anakusikia. Katika mji huu wote gari lako ndicho chumba pekee chenye mlango unaoufunga mwenyewe. Kwamba mtu mzima aende kilomita zaidi ya 500 ili apige rumba na zilizopendwa kwa kiwango anachotaka, mimi naona ni jambo la kueleweka kabisa.

Na barabara yenyewe umeichagua vizuri. Mimi niliipita zamani, kabla ya lami. Kutoka Isiolo kwenda kaskazini magari yalisubiriana yaende kwa msafara na polisi wenye bunduki kwa ajili ya majambazi, na vumbi liliingia hadi kwenye chai. Wengine walikwenda juu ya malori ya ng'ombe, wakishikilia vyuma. Hakuna aliyeimba. Sasa lami inafika hadi Moyale, na mwanamke anaweza kutoka Thika Road alfajiri na jioni yuko Marsabit. Ulivyonieleza ule mteremko baada ya Timau, nilikaa nikaufikiria: unatoka kwenye ngano na baridi, unashuka zaidi ya mita 1,000 kufika Isiolo, na kila unaposhusha kioo hewa imebadilika. Halafu mlima Ololokwe unajitokeza na kichwa chake bapa, na mbele hakuna kitu ila barabara iliyonyooka. Hapo hata mimi ningeongeza sauti.

Ile picha ya ukungu uliyopiga asubuhi nimewaonyesha watoto. Nimewaambia ndio msitu alikoishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe, akalindwa hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ipo kwenye jumba la makumbusho hapa Nairobi, nilizoea kuwapeleka wanafunzi wangu waione. Mkubwa amedai apelekwe. Hilo nimekuachia wewe.

Sasa nina ugomvi nawe juu ya masikio. Uliandika kwamba ulipozima gari Marsabit yalikuwa bado yanavuma. Huo mvumo hautokani na uchovu. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyotikiswa na sauti, na seli hizo zikifa hazioti tena, kwa kijana wala kwa mzee. Wataalamu wanaolinda masikio ya wafanyakazi viwandani huweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane. Kila sauti inapopanda desibeli 3, nguvu yake huongezeka maradufu, na muda salama hukatika nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Gari lenyewe likiwa mbioni tayari lina kelele ya upepo na magurudumu, na ukishusha kioo unaongeza muziki ili uishinde, pasipo kujua umefika wapi. Nakupa kipimo kisichohitaji mashine. Jioni unapoegesha, acha kidude cha sauti pale kilipo. Asubuhi washa gari. Ukishtuliwa na kelele, ujue jana yake masikio yalikuwa yamekufa ganzi na ulikuwa umepita mpaka. Piga wimbo mmoja juu, mwili utetemeke, halafu shusha. Kila baada ya saa mbili simama, zima kila kitu, tembea kidogo. Nataka ukifika umri wangu uwe bado unasikia kila chombo kwenye rumba hizo.

Na usije ukategemea muziki kukuweka macho. Kuongeza sauti humchangamsha dereva mwenye usingizi kwa dakika chache tu, kisha usingizi unarudi akiwa kilomita nyingi mbele. Dawa ni kuegesha mahali penye watu, kunywa kahawa, na kulala dakika 15 au 20 kabla haijaanza kufanya kazi. Giza likiingia uwe umefika. Ng'ombe akigongwa anasukumwa, lakini ngamia ana miguu mirefu: gari linakata miguu na mwili wote unakuja kwenye kioo cha mbele. Ndiyo sababu nilikupigia saa kumi na moja jioni ile, nawe ukadhani nataka kukusemesha habari za watoto.

Ya mafuta umeyauliza kwa uchungu, na nayaheshimu. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi, maana kila chembe ya kaboni iliyomo inajinyakulia chembe mbili za oksijeni kutoka hewani. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,000 na ushei. Kwa gari lako hizo ni kama lita 90, basi umeacha angani zaidi ya kilo 200. Si bure, na hapo ulipopita ndipo bei yake inapoonekana. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kando ya barabara hiyohiyo, na wanasayansi waliouchunguza ukame ule walieleza mwaka 2023 kwamba joto lililoletwa na binadamu ndilo lililoufanya uwe mkali kiasi kile. Sehemu ya Kenya katika moshi wa dunia ni ndogo sana, na yako haionekani. Lakini najua hukuulizia hesabu ya dunia.

Basi nakupa hesabu ya nyumbani. Gari lilelile unakaa nalo kwenye msongamano wa Thika Road kila asubuhi na kila jioni, kilomita 40 kwa siku, nalo kwenye msongamano halizidi kilomita 8 kwa lita. Hizo ni lita tano kila siku, na huimbi hata ubeti mmoja. Lita 90 za Marsabit ni sawa na siku 18 za kazi. Ukiliacha nyumbani siku mbili kwa wiki ukapanda matatu, kwa wiki tisa hivi utakuwa umezifidia karibu zote, maana moshi wa matatu mnagawana abiria wote. Mimi ningepunguza hapo kwanza kabla ya kugusa siku chache za mwaka zinazokurudishia uhai. Ila safari hiyo usiifanye kila mwezi.

Waliobaki ni wale watoto wa chupa. Kwao sina la kukutuliza, na ningehuzunika kama ungepita usisikie chochote. Ulisema kwamba mwishowe uliteremsha sauti ukaenda polepole. Ulifanya vyema, nao waliona. Safari ijayo usiwarushie chupa za maji ukipita, ingawa madereva wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Chupa inadondoka kwenye lami, watoto wanaikimbilia, na nyuma yako lori linakuja. Jaza mitungi ile ya manjano ya lita 20 ukiwa Isiolo, miwili au mitatu, uifunge nyuma isigaragare. Ukifika kituo cha biashara kama Laisamis, egesha, umwendee mama mwenye hoteli au duka, umwamkie vizuri, umuulize maji haya yamfae nani. Atakwambia. Kula kwake pia, ulipe, uketi kidogo, usiwe na haraka ya kurudi kwenye gari. Mtu anayepita nchi ya wengine akiwa na furaha namna ile anafaa angalau ajue majina ya mahali anapopita, na awe amesalimiana na mtu.

Mume wako alinipigia ulipokuwa njiani. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama unajisikia vibaya nyumbani. Nikamwambia akuulize wewe, naona hajakuuliza bado. Mwambie ulivyofurahi, mpaka zile nyimbo ulizorudia. Ukimficha ataanza kuijaza nafasi hiyo kwa mawazo yake.

Na usinialike. Najua ulitaka, nilikuona ukitafuta maneno pale mlangoni. Nikiwa kiti cha pembeni utaniuliza kama sauti imezidi, nami nitasema haijazidi, na safari nzima itakuwa ni ya kuangaliana. Nenda peke yako.

Shule zikifungwa Agosti nitawachukua watoto. Niambie tarehe mapema, nisije nikamwahidi dada yangu wa Machakos, na mdogo mletee viatu vya kubadilisha, vile alivyokuja navyo vilikuwa vinambana vidole.

Wako akupendaye,
Mama